"Nitumie" au "Nitume"? Neno Chombo na Ndugu Zake



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulishinda siku nzima Pangani, ufukweni, ambako fundi mmoja alikuwa anatengeneza mashua. Alikubali tumshikie mbao. Mmoja wetu, mtu wa bara, aliiona tezo imelala mchangani akauliza, "Mzee, nikuletee hiki chombo?" Fundi akageuka kutazama baharini, akidhani kuna jahazi linaingia. Kwake chombo ni kile kinachoelea. Alichoshika mwenzetu ni tezo. Tezo, keekee, randa na msumeno kwa jumla yeye aliviita vifaa. Tulicheka sana, na watu wa Tanga wakipata nafasi ya kumsahihisha mtu wa bara Kiswahili hawaiachi ipite.

Lakini tulirudi na swali. Vitabu vingi vya falsafa tunavyosoma ni vya Kiingereza, na humo maneno "tool" na "instrument" hayakosekani. Sisi katika madaftari yetu huandika "chombo" kisha tunaendelea mbele, kama kwamba kazi ya kufikiri imekwisha.

Haijaisha. Kiswahili kina maneno mengi hapa na kila moja lina mahali pake. Kifaa kinatokana na kufaa: ni kitu kinachofaa kwa kazi fulani, na kisipofaa jina lenyewe linakikana. Zana huonekana zaidi shambani na vitani. Ala ni ya muziki, ni ya matamshi kwa wanaosoma isimu, na papo hapo ni ala ya kisu, yaani mfuko wake. Ofisini siku hizi wanasema vitendea kazi. Nyenzo tumezoea kuisikia kwenye semina ikiwa na maana ya fedha na vifaa, lakini wenzo ni mti au gogo la kusogezea kitu kizito, na nyenzo ndizo zinazowekwa chini ya mashua ikivutwa mchangani. Tuliziona Pangani. Hakuna mkutano wa uhamasishaji uliowahi kutufafanulia neno hilo vizuri kama yale magogo.

Chombo ndicho kipana kuliko vyote. Ni sahani na sufuria, ni jahazi, ni redio na gazeti, ni polisi na jeshi tunapotaja vyombo vya dola. Wazo lililo karibu na mengi ya hayo ni kitu kinachobeba kitu kingine. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno linalofanana nalo kwa namna ya ajabu, skeuos. Katika Matendo 9:15 ndilo analoitwa Paulo, aliyechaguliwa kulibeba jina la Bwana. Katika 2 Wakorintho 4:7 ni vyombo vya udongo vyenye hazina ndani yake. Na katika Matendo 27:17, dhoruba inapowapiga njiani kwenda Roma, neno hilohilo linataja kifaa cha merikebu ambacho mabaharia walikishusha. Mtu wa pwani asingehitaji kueleza sana uhusiano huo.

Kwa hiyo waamini wetu wanaposali "Bwana, nitumie kama chombo chako", wako kwenye njia ya zamani. Nasi tulikuwa tunasali hivyo bila wasiwasi mpaka jioni moja katika jumuiya ndogondogo, Tanga mjini, mzee mmoja aliposema baada ya sala: "Frateri, mimi maneno hayo siyasemi. Baba yangu alitumiwa vya kutosha."

Baba yake alikuwa manamba. Vijana huenda wasilijue neno hili. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ukiletwa na Richard Hindorf. Miche iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yakatokea mashamba makubwa ya mkoa mzima, na mashamba yakataka watu. Wakatolewa mbali, Kigoma, Njombe, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Wakawa namba, ndiyo maana ya manamba. Mtu alipewa kipande chenye siku 30 za kazi, na mshahara ulikuja kipande kikijaa. Kabla yao, mashamba ya miwa kando ya mto Pangani yalilimwa na watumwa, na Pangani yenyewe ilikuwa bandari ya kuwavusha watu kwenda Pemba na Unguja. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukataza biashara hiyo baharini mwaka 1873. Ukisimama pwani hii na kumwita mtu chombo, hayo yote yanasikika, hata kama wewe huyasikii.

Wanafalsafa wanalijua tatizo hili vizuri, maana walichangia kulitengeneza. Aristotle katika kitabu cha kwanza cha Siasa anasema nahodha ana vyombo vya aina mbili: usukani usio na uhai, na baharia anayesimama omo kutazama mbele, ambaye ni chombo chenye uhai. Hatua chache baadaye mtumwa naye anaingizwa humo humo. Katika Maadili ya Nikomako anakwenda mbali zaidi: pamoja na mtumwa kama mtumwa hakuna urafiki, kama vile hakuna urafiki na kifaa. Kisha anaongeza kwamba pamoja naye kama binadamu urafiki unawezekana. Sentensi hiyo ya mwisho ingetosha kuuvunja utumwa wote, na hakuitumia. Tunamheshimu mwalimu huyu, lakini hapo tunamlaumu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliyapokea maneno hayohayo na kuyageuza. Kwanza anasema shoka huchangia kutengeneza kitanda kwa ukali wake lenyewe. Fundi hawezi kukata kwa shoka butu. Halafu, akizungumzia wahudumu wa sakramenti, anakubali kumwita mhudumu chombo chenye uhai, ila anaeleza tofauti: chombo kama hicho hakisukumwi tu, nacho chajisukuma kwa utashi wake, ndiyo sababu nia yake inahitajika. Bila nia ya mhudumu hakuna sakramenti.

Hili linatuhusu sisi mafrateri moja kwa moja. Tumekwenda vigangoni kufundisha bila kujiandaa, kisha tukajitetea: "Sisi ni vyombo tu, Roho atanena." Kwa Thoma huo ni utetezi wa shoka butu. Mkatekista mmoja alitusikiliza mara moja hadi mwisho, akatushukuru kwa adabu, kisha akawafundisha watoto upya somo lilelile.

Mzee wa jumuiya tulimrudia wiki iliyofuata, tukiwa na Thoma wetu mkononi. Alisikiliza. Akauliza swali la lugha, si la teolojia: yeye husema "nitume", sisi twasema "nitumie", je, si neno moja?

Ni mzizi mmoja. Kutoka tuma tumepata tumia, tumika, tumikia na mtumishi. Humo humo wamo mtume na mtumwa, wanaotofautiana kwa silabi moja mwishoni. Kinachotumiwa kinakaa mkononi mwa mwenyewe na huwekwa chini kazi ikiisha. Anayetumwa anabeba neno, anakwenda kwa miguu yake, anaweza kuchelewa, anaweza kukataa kama Yona, na anatarajiwa kurudi kueleza. Paulo aliyeitwa chombo kule Dameski alijiita mtume katika barua zake.

"Basi mimi nitabaki na yangu," mzee alisema.

Siku ile mama mmoja aliyeongoza sala alimaliza kwa "nitumie", kama alivyozoea miaka yote. Mzee akaitikia Amina. Nasi tukaitikia.