Dalili Ikiondoka, Ugonjwa Haujapona

Katika desturi njema tulizozikuta kwa wazee wetu, na ambazo twamwomba Mwenyezi Mungu atujalie kuwarithisha watoto wetu, mojawapo ni hii ya kwenda kuwaona wazazi siku za Idi. Nasi katika Idi tunayoisimulia hapa tulifanya hivyo. Tulitoka Dar es Salaam pamoja na watoto, tukapita Dodoma na Singida, hata tukafika Ulemo, katika Wilaya ya Iramba, kumzuru baba yetu ambaye umri wake umepita miaka 70.

Tulimkuta amekaa uani chini ya mti. Tulimwamkia, akaitikia kwa furaha, akauliza habari ya kila mjukuu kwa jina lake. Tulipomwuliza habari ya afya yake, alijibu kama alivyozoea kutujibu katika simu: "Mimi mzima, wanangu. Ni uzee tu." Nasi tukaridhika na neno hilo. Hatukutazama alipolala, wala hatukuuliza dawa zake ziko wapi. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu.

Asubuhi ya siku ya pili, tulipokuwa tukinywa chai, kikombe kilimponyoka baba katika mkono wa kulia kikaanguka. Wajukuu walicheka, wakidhani kimeteleza. Dada yetu akamwambia, "Pole, baba." Akataka kumjibu, walakini maneno yalitoka mazito na yamevurugika, na upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka. Hapo nyumba nzima ikataharuki. Huyu alisema ni upepo mbaya. Yule alitaka apakwe mafuta. Mwingine alikwisha leta maji amnyweshe. Dada yetu alianza kusoma Yasin huku akilia.

Haikupita robo saa, mdomo ukanyooka. Baba akainua mkono wake kama kawaida, akasema kwa ufasaha, "Mwalilia nini?" Tukamshukuru Mungu. Na papo hapo ukazuka ubishi. Baba yetu mdogo alisema, "Jambo limekwisha pita. Mwacheni apumzike. Kuku wamekwisha chinjwa na wageni wako njiani." Baba mwenyewe akasema, "Msiniharibie Idi yangu kwa kunipeleka hospitali nami ni mzima."

Twasema kweli mbele ya wasomaji wetu: wengi wetu tulitaka kukubali. Ni vigumu kumpinga mzazi, na ni vigumu zaidi kumpinga mzazi anapokwambia lile unalotamani kulisikia. Aliyekataa ni shangazi yetu peke yake. Alisimama mlangoni akasema, "Mume wangu naye ilimpita hivi hivi siku ya Ijumaa, tukacheka. Jumapili hakuweza kuinua mkono, wala hakuuinua tena mpaka tulipomzika. Kaka atakwenda leo." Hakuna aliyeweza kumjibu. Tukatafuta gari, tukampeleka hospitali ya wilaya iliyoko Kiomboi.

Alilolificha Baba

Pale alipimwa sukari, ikawa salama. Kisha akapimwa presha, ikasoma 190 kwa 110. Daktari akamwuliza kama amepata kupewa dawa. Baba akanyamaza, halafu akasema kwamba tangu miaka miwili alikuwa akimeza kidonge kila asubuhi. Ramadhani ilipoingia aliacha, kwa kuwa hawezi kumeza kidonge mchana naye amefunga. Siku zikapita, asione maumivu yoyote, akadhani amepona. Tena vidonge vilikuwa vikaribu kwisha. "Sikutaka kuwasumbua," alisema, "nanyi mna ada za shule."

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Tuliona haya mbele ya daktari, maana katika mwezi mzima tulimpigia simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa tulimwuliza kama yu mzima, lakini hata siku moja hatukumwuliza kidonge chake akimeza saa ngapi.

Lilikuwa Jambo Gani?

Lililompata baba ni kiharusi cha muda mfupi. Damu huzuiliwa kufika sehemu ya ubongo, mara nyingi kwa donge dogo la damu lililoziba mshipa; kisha donge likayeyuka au likasogea, damu ikapita tena, na mtu akarudi katika hali yake. Kwa sababu hakuna kilichobaki kuonekana, watu hudhani hakuna kilichotokea. Na hapo ndipo penye hatari, maana anayepatwa na jambo hili yu karibu na kiharusi kamili, na siku mbili za mwanzo ndizo za kuogopwa kuliko zote. Dalili ya mvua ni mawingu. Wingu likipita leo, haina maana kwamba masika yameahirishwa.

Wala tusiseme haya ni maradhi ya Ulaya. Watafiti waliohesabu vifo katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro baina ya mwaka 1992 na 1995 waliona kwamba watu wetu wa umri wa miaka 15 mpaka 64 walikuwa wakifa kwa kiharusi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wa Uingereza. Nao walidhani kwamba presha isiyotibiwa ndiyo sababu kubwa. Presha haina kelele. Mtu aweza kuwa na kipimo cha 140 kwa 90, au zaidi ya hapo, kwa miaka mingi, akalima na kucheka, asijue. Ndiyo maana kutoona maumivu si ushahidi wa kupona.

Yatupasayo Kufanya

Kwanza, tuzijue dalili: uso kushuka upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafula, na maneno kuvurugika. Ikionekana hata moja, tutazame saa ilipoanza, kwa kuwa daktari ataiuliza. Zimo dawa za kuyeyusha donge zitolewazo katika hospitali kubwa ambazo hufaa katika saa chache za mwanzo tu.

Pili, mgonjwa asilishwe wala asinyweshwe kitu, kwani koo lake laweza kuwa limelegea naye akapaliwa. Akiwa amezimia alazwe kwa ubavu. Asipewe aspirini nyumbani, kwa maana kiharusi kingine hutokana na mshipa uliopasuka, na dawa hiyo huzidisha kuvuja damu. Wala asiongezewe vidonge vya presha kwa kukisia.

Tatu, hata dalili ikiondoka, apelekwe hospitali siku ile ile. Kusoma Qur'ani na kuomba dua ni jambo jema, na safari ya hospitali haikatazi hayo. Mtume wetu (s.a.w.) aliwaamrisha watu watafute dawa, na dua yaweza kusomwa garini.

Nne, mwezi wa Shaabani usipite bila mzee mwenye maradhi kuonana na daktari. Dawa nyingi za presha zaweza kuhamishiwa wakati wa futari au wa daku, na saumu ikabaki salama. Na yule ambaye daktari amemwona hawezi kufunga, Sura ya Al-Baqara imekwisha mpa ruhusa. Haifai sisi watoto tumwonyeshe kama kwamba amepungukiwa na dini.

Tano, mzee anayeogopa gharama aambiwe kwamba Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliagiza wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wasamehewe malipo. Mtoto na aende mwenyewe ofisi ya kijiji na zahanati akaulize utaratibu, asimwachie mzee kazi hiyo.

Baba yetu alilazwa siku tatu, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Idi yake ililiwa na wageni. Tulimwekea nyama, akailalamikia kwamba haina chumvi. Sasa tunapompigia simu hatuishii katika kusema hujambo. Twauliza vidonge vimebaki vingapi, na kipimo cha mwisho kilisoma nini, na mjukuu anayekaa naye huvihesabu tukisikia. Baba hucheka akasema tumekuwa polisi. Na tuwe.

Katika Sura ya Bani Israil Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwatendea wema wazazi wanapofikia uzee wakiwa nasi, na kuwainamishia bawa la unyenyekevu. Twaona kwamba kuhesabu vidonge vyao ni sehemu ya wema huo. Mola atuhifadhie wazee wetu walio hai, na awarehemu waliotangulia. Amin.