Karoti Si Kofia: Ukweli Kuhusu Chakula na Saratani ya Ngozi

JE, msomaji, umewahi kuambiwa kwamba ukila karoti kwa wingi hutashikwa na saratani ya ngozi? Wengi huamini hivyo, na wengine hununua kwa bei ghali vidonge vya betakarotini, ile rangi iliyomo ndani ya karoti. Kabla hujatoa pesa zako, soma haya.

Mjini Nambour, Australia, watafiti waliwachunguza watu 1,621 kuanzia 1992 hadi 1996. Baadhi walimeza betakarotini, na baadhi walijipaka mafuta ya kuzuia jua kila siku. Matokeo yalitolewa mwaka 1999. Vidonge havikusaidia. Lakini kwa waliojipaka mafuta, uvimbe wa aina moja ya saratani hiyo ulipungua kwa karibu asilimia 40. Na ikiwa unavuta sigara, jihadhari zaidi: mwaka 1994 uchunguzi nchini Finland ulionyesha kuwa vidonge hivyo viliongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji.

Vipi kuhusu vitamini B3? Aina yake iitwayo nikotinamidi ilijaribiwa Australia kwa watu 386 waliokwisha kuugua saratani ya ngozi. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa uvimbe mpya ulipungua kwa asilimia 23, lakini faida ilikwisha walipoacha dawa. Walimeza miligramu 1,000 kwa siku, ilhali mtu mzima huhitaji takriban 16 tu. Samaki, kuku na njugu karanga haviwezi kukupa kiasi hicho. Usivimeze vidonge hivyo bila ushauri wa daktari.

Usiache mboga na matunda. Yanaufaa mwili kwa mengi. Ila usiyafanye kuwa mwavuli.

Ikiwa una mtoto mwenye ualbino, pesa za vidonge mnunulie kofia pana, shati la mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua. Aketi kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Nawe mwenye ngozi nyeusi, usijione umeepuka. Kagua nyayo na chini ya kucha. Ukiona doa linalobadilika, au kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, nenda hospitali mapema. Saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika.