Punje za Kakao na Namba Isiyoshikika

Mangina, magharibi mwa mji wa Beni, ni nchi ya kakao. Mwalimu wa darasa la kwanza hana haja ya kungoja vifaa kutoka Kinshasa: punje kavu kiganjani zinatosha kuonyesha kwamba 3 na 4 ni 7. (Ziwe kavu kweli. Punje mbichi ina utamu wake, na mtoto anayeifyonza hahesabu tena.)

Ugumu unaanza pale punje zinapotakiwa kuondoka. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza miaka ya 1960 kwamba akili hulishika jambo kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa picha, kisha kwa alama. Kati ya punje na tarakimu 7 kuna hatua ambayo ni rahisi kuiruka: vistari saba ubaoni. Kistari hakina rangi ya kakao wala harufu yake. Kinaweza kuwa punje, mbuzi au siku.

Upande huu wa Kivu hatua hiyo ni ya kale. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mfupa wa sentimita 10 hivi wenye mikato katika safu tatu: 60, 60 na 48. Una umri wa miaka 20,000 hivi. Wataalamu wangali wanabishana kilichohesabiwa kilikuwa nini. Kitu kimesahauliwa, hesabu imebaki.

Wapo wanaoamini kifaa kikipendeza zaidi, somo litaingia zaidi. Mimi nasita. Mwaka 2008 Jennifer Kaminski na wenzake wa Ohio walichapisha majaribio katika jarida la Science: wanafunzi wa chuo kikuu waliojifunza kanuni ya hisabati kwa vikombe vya maji na vipande vya piza walipata taabu kuitambua katika mchezo mgeni, waliojifunza kwa alama tupu waliitambua vizuri zaidi. Majaribio hayo yalizua ubishi, ila swali lake linafika hadi Mangina.

Mpe mtoto punje 3, mwambie atoe 5. Atajibu haiwezekani, na kwa punje amesema kweli. Daftari la madeni la dukani litamsogeza kidogo. Kisha chora mstari mavumbini, uweke sifuri katikati, asimame kwenye 3 na kurudi nyuma hatua tano. Ataipita sifuri, asimame mahali ambapo hakuna punje ya kuweka.