Mpenzi mwongo hudhuru afya yako: Mtambue mapema

JE, msomaji, umewahi kukesha na simu mkononi ukingoja jibu lisilokuja, moyo ukidunda, kisha asubuhi ukaenda kazini na kichwa kizito? Kabla ya kukimbilia dawa za usingizi, jiulize kwanza swali hili: Je, ninamwamini mtu ninayempenda, na je, nina sababu ya kumwamini?

Tuchukue mfano. Mwalimu mwenye umri wa miaka 34, katika mji mdogo wa Bonde la Ufa, anajuana na mwanamume kupitia intaneti. Mwanamume anasema ni mhandisi wa meli, amefiwa na mkewe na ana mtoto mmoja. Kila alfajiri anatuma salamu tamu. Baada ya wiki tatu anamwita "mke wangu". Mwezi wa pili mtoto "amelazwa" na anahitaji Sh40,000. Mwalimu anakopa kwenye chama chake cha akina mama na kutuma. Mwezi wa tatu mtoto "anafanyiwa upasuaji".

Hivi ndivyo utapeli wa mapenzi unavyoendeshwa, na wanaume pia hunaswa. Nchini Marekani, shirika la serikali linalolinda wateja, Federal Trade Commission, lilipokea malalamiko ya watu karibu 70,000 waliotapeliwa kwa njia hii mwaka wa 2022. Hasara waliyoripoti ilikuwa dola bilioni 1.3. Usidhani basi kwamba wanaonaswa ni wajinga tu.

MADHARA MWILINI

Mtu anapokuwa na wasiwasi, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga kasi, misuli hukaza na shinikizo la damu hupanda. Mambo haya ni ya kutusaidia kukabili hatari ya muda mfupi, kama vile kumkimbia mbwa mkali. Mbwa akienda zake, mwili hutulia. Lakini shaka ya mapenzi haiendi zake. Inakaa kitandani, mezani na kazini. Usingizi hupotea, chakula hakishuki, kichwa huuma, na mgonjwa wa presha au kisukari huona ugonjwa wake umekuwa mgumu kudhibiti.

Kuna pia madhara ya moja kwa moja. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi, kaswende, kisonono au klamidia anaweza kukaa muda mrefu bila dalili yoyote. Mpenzi wako akikudanganya kuhusu watu wengine alio nao, si moyo wako tu unaohatarishwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kinaweza kumuumbua hata asiyeficha.

USITEGEMEE MACHO YAKE

Wengi wetu huamini kwamba mwongo hujulikana kwa macho: hakutazami usoni, anajikuna, anatokwa jasho. Huu ni uzushi. Mwaka wa 2006 wataalamu wawili wa saikolojia, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya matokeo ya majaribio mengi ambamo watu zaidi ya 24,000 walitakiwa kutambua nani anasema kweli na nani anadanganya. Walipata jibu sahihi kwa asilimia 54 tu. Ni karibu sawa na kurusha sarafu hewani.

Si kila uongo ulio na uzito sawa, vilevile. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2008, watafiti walipima urefu, uzani na umri wa watu 80 wa New York waliokuwa wakitafuta wachumba kwenye mtandao. Kila wanane kati ya 10 walikuwa wameandika angalau jambo moja lisilo kweli, lakini mara nyingi tofauti ilikuwa ndogo: sentimita kadhaa, kilo kadhaa. Anayejiongezea urefu anataka kupendeza. Anayeficha mke, mtoto, deni au ugonjwa anakunyima nafasi ya kuamua maisha yako.

DALILI ZA KUANGALIA

Badala ya kutazama uso, tazama kama maneno yake yanasimama kadiri siku zinavyopita.

1. Hadithi zake hazina pa kushikia. Anafanya kazi "kampuni fulani", anaishi "upande ule". Hakuna jina, mtaa wala mtu unayeweza kumuuliza.

2. Umefichwa. Miezi sita imepita na hujamwona rafiki wala ndugu yake hata mmoja. Hapatikani usiku, wikendi wala sikukuu.

3. Swali dogo huzua ugomvi. Ukiuliza alikolala, anakugeuzia: "Wewe huniamini. Una wivu." Mwishowe ni wewe unayeomba msamaha.

4. Mapenzi yanakwenda mbio. Kabla hamjaonana ameshataja ndoa na majina ya watoto.

5. Anakutenga. Hataki uzungumze juu yake na dada yako au rafiki zako. Anasema watawaonea kijicho.

6. Shida zake zote huishia kwenye fedha, tena za haraka, leo leo.

Tahadhari, msomaji. Dalili moja si ushahidi. Mlinzi wa usiku na muuguzi wa zamu wana sababu njema ya kutopatikana. Mtu aliyetoroka ndoa ya mateso ana sababu ya kuficha anakoishi. Lakini dalili zikifika tatu au nne, usizifumbie macho.

JINSI YA KUPATA UKWELI

Zamani posa haikukubaliwa kabla ya wazee kuulizia ukoo wa mtu, tabia yake na maradhi ya nyumbani kwao. Siku hizi tunaona haya kuuliza. Usione haya. Uliza mambo yanayoweza kuhakikishwa: alisoma wapi, anasali wapi, nani anamfahamu. Mtu mkweli hatachoka kukujibu.

Kwa uliyemjua kwenye mtandao, tafuta picha yake kwa programu za kutafutia picha. Huenda ukaikuta kwa jina lingine. Omba mzungumze kwa video, lakini usiishie hapo, kwa maana sura nazo siku hizi hughushiwa kwa kompyuta. Mwezi Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 kwa utapeli wa mapenzi uliotumia sura bandia. Linganisha pia jina linalotokea unapotaka kutuma pesa kwa simu na jina alilokupa. Yakitofautiana, simama hapo hapo.

Kuhusu ndoa, usiulize tu, "Je, umeoa?" Uliza, "Umewahi kuoa kwa ndoa ya aina gani?" Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014, ndoa ya Kikristo, ya Kihindu na ya kiserikali ni ya mke mmoja, lakini mwenye ndoa ya kimila au ya Kiislamu anaweza kuongeza mke. Unaweza kuomba kumbukumbu zitafutwe katika ofisi ya Msajili wa Ndoa. Kumbuka tu kwamba ndoa ya kimila ambayo haijasajiliwa haitaonekana huko. Kwa hivyo bado hakuna badala ya kufika kwao na kuonana na watu wake.

Kuhusu afya, msikubali karatasi ya mwaka jana. Nendeni kupimwa pamoja, na kila mmoja asikie majibu ya mwenzake. Kwa kuwa virusi vya Ukimwi huweza kuchukua hadi miezi mitatu kabla ya kuonekana katika baadhi ya vipimo, rudieni baada ya muda huo, na mtumie kondomu hadi hapo. Mwenzako akikuambia ana virusi, usimwite mwongo, amekuambia kweli. Anayetumia dawa vyema hadi virusi visionekane katika kipimo cha damu hawezi kukuambukiza kwa njia ya ngono. Ukigundua umedanganywa baada ya tendo, fika hospitalini kabla ya saa 72 kupita. Kuna dawa za kuzuia maambukizi, zinazomezwa kwa siku 28.

Jambo moja usifanye: usipekue simu yake kwa siri. Kuingia katika kifaa cha mtu bila ruhusa kunaweza kukutia mashakani chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka wa 2018. Isitoshe, ukifika mahali pa kupekua, uaminifu umeshakwisha.

Na mnapokutana mara ya kwanza, kutaneni mchana, mahali penye watu. Jilipie nauli yako, na umwambie rafiki uko wapi na nani. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine baada ya wanawake kadhaa kuuawa, baadhi yao katika vyumba vya kukodi kwa muda mfupi. Funzo hilo lilikuwa ghali mno kusahaulika.

UKISHADANGANYWA

Usitume fedha "za mwisho". Ipigie simu kampuni iliyopitisha fedha hizo mara moja, hifadhi ujumbe wote, kisha upige ripoti polisi. Idara ya upelelezi, DCI, ina nambari isiyolipiwa, 0800 722 203. Jihadhari na atakayekuja kusema anaweza kukurudishia fedha zako ukimlipa ada. Huyo ni tapeli wa pili. Ukitishwa kwamba picha zako za faragha zitasambazwa, usilipe. Kuzisambaza ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo ya 2018. Na kama kuna vitisho au kipigo, piga 1195 bila malipo.

Kisha jitunze. Aibu ya kutapeliwa huwafanya wengi kunyamaza, na kimya hicho ndicho kinachowaua. Ukikosa usingizi kwa wiki mbili, ukichukia chakula, au wazo la kujiua likikujia, mwone daktari au mshauri siku hiyo hiyo. Huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na una matibabu.

Tumrudie mwalimu wetu. Alipokwenda kuomba mkopo wa pili, mweka hazina wa chama, mama mtu mzima, hakumgombeza. Alimuuliza jambo moja tu: "Mwalimu, mtoto huyo amelazwa hospitali gani? Nina binamu muuguzi, aende akamjulie hali." Jioni ile mwalimu alimwandikia mwanamume wake swali hilo hilo. Hakujibiwa tena.

Alipoteza Sh40,000, na alilia kwa siku nyingi. Angeweza kupoteza mengi zaidi. Nawe, msomaji, kama kuna swali unaloogopa kumuuliza mpenzi wako, muulize leo.