Wasomaji Wapo, Duka Hakuna: Biashara ya Yuri Njoro

Ukitaka kununua kitabu cha yuri Njoro, utazunguka hadi soli ya kiatu iishe. Maduka ya vitabu ya mjini na yale yaliyo karibu na Chuo Kikuu cha Egerton yanaishi kwa vitabu vya kiada, madaftari, kalamu na vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa kwa mtihani wa sekondari. Rafu ya manga, yaani katuni za Kijapani, hakuna, seuze rafu ya manga na riwaya zinazosimulia mapenzi baina ya wanawake, ambazo ndizo huitwa yuri. Lakini wasomaji wapo. Wamo katika vyumba vya kupanga vya Njokerio, kando ya chuo, simu mkononi, wakisubiri sura ya wiki hii.

Tuanze na bei, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengi kabla hatujafika kwenye maadili na sheria. Seven Seas Entertainment ya Marekani, mojawapo ya kampuni zinazochapisha yuri nyingi zaidi kwa Kiingereza, huuza juzuu moja kwa dola 13 au 14 hivi. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hiyo ni kati ya Sh1,700 na Sh1,800. Ongeza VAT ya asilimia 16, ambayo vitabu vimetozwa Kenya tangu Sheria ya VAT ya mwaka 2013, na juzuu imefika Sh2,000 kabla ya nauli ya kuisafirisha, wala mwenye duka hajapata hata ndururu. Bloom Into You ya Nakatani Nio, hadithi ya wasichana wawili wa shule iliyotoka kati ya 2015 na 2019, ina juzuu nane. Hizo ni Sh16,000 kwa hadithi moja. Komredi wa chuo anayesubiri pesa za mkopo wa HELB ana madeni ya chakula na ya chumba. Hawezi kuweka Sh16,000 kwenye katuni hata kama angeipenda kuliko pumzi.

Kwa hivyo anasoma bila kununua. Mashabiki wa ng'ambo huchanganua kurasa za majarida ya Kijapani, huzitafsiri kwa Kiingereza na kuzimwaga mtandaoni bila ruhusa ya mwenye kazi. Kitu pekee anachokilipia msomaji wa Njoro ni bando. Kwenye bando, kampuni ya simu inachukua chake, na serikali inachukua ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 uliowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023 pamoja na VAT juu yake. Mwandishi aliyeko Tokyo hapati kitu. Amekuwa kama mkulima wa viazi wa Mau Narok mbele ya dalali anayejaza gunia la lumbesa, ila yule mkulima angalau dalali anamwona kwa macho. Ukiniuliza ni nani mfanyabiashara mkubwa wa hadithi hizi Njoro, nitakuonyesha mnara wa mtandao wa simu.

Japani haikuanza na rafu iliyojaa. Mwaka 1916 Yoshiya Nobuko, akiwa kijana wa miaka ishirini, alianza kuchapisha mfululizo wa hadithi fupi uitwao Hana Monogatari katika jarida la wasichana. Zilihusu mahaba ya wasichana wa shule za bweni, yale ya barua, maua na machozi, ambayo watu wazima wa wakati huo waliyavumilia kwa kuamini kwamba yangeisha siku ya ndoa. Jarida lilikuwa la bei ndogo na wasichana walikuwa na pesa kidogo za mfukoni. Kutokana na sarafu hizo Yoshiya akawa miongoni mwa waandishi waliopata pesa nyingi zaidi nchini mwake. Alijenga nyumba, akamiliki farasi wa mbio, na akaishi na mwenzake, Monma Chiyo, kwa zaidi ya miaka 40 hadi alipofariki mwaka 1973. Nyumba yake ya Kamakura sasa ni makumbusho.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1971 Yamagishi Ryoko alitoa Shiroi Heya no Futari, manga ambayo wengi huitaja kuwa ya kwanza ya aina hii. Mwaka 1998 Konno Oyuki alianza mfululizo wa riwaya za Maria-sama ga Miteru, wa shule ya Kikatoliki ya wasichana, ukarudisha hamu iliyokuwa imelala. Ndipo wachapishaji wakaona fedha. Yuri Shimai, jarida la yuri peke yake, lilianza 2003 na likafa mapema. Kampuni ya Ichijinsha ikaokota waandishi waliobaki na 2005 ikaanzisha Comic Yuri Hime, lililotoka mara nne kwa mwaka. Leo hutoka kila mwezi, na Ichijinsha yenyewe ilimezwa na Kodansha, mmoja wa vigogo wa uchapishaji wa Japani, mwaka 2016. Kigogo hanunui kitu kisicholipa. Mwishoni mwa 2018 jarida la hadithi za kisayansi la Hayakawa lilipotangaza toleo maalumu la yuri, maagizo yalikuwa mengi kiasi kwamba lilichapishwa tena kabla ya siku yake ya kuuzwa.

Yuri ni chumba kidogo katika jumba kubwa. Soko lote la manga Japani mwaka 2024 lilifikia yeni bilioni 704 na ushei, na zaidi ya asilimia 70 ya fedha hizo zilitoka kwa matoleo ya kidijitali. Maana yake ni kwamba msomaji wa Osaka naye anasoma kwenye simu kama msomaji wa Njokerio. Tofauti ni kwamba wa Osaka analipa, tena vijipesa vidogo vidogo, sura kwa sura, na sehemu ya vijipesa hivyo humfikia mchoraji.

Hapa ndipo Kenya inapokwama, na kikwazo kilikuwepo kabla hata yuri haijafika. Nchi hii ina historia nzuri ya katuni. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo. Pichadithi ziliwapa watoto wa miaka ya 1980 ngano za Kiafrika kwa picha, baadhi zikiwa za mkono wa Frank Odoi, yule yule aliyechora Akokhan kwenye magazeti. Mwaka 2010 likaja Shujaaz, kwa Sheng, likisambazwa bure ndani ya Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, na likashinda tuzo ya Emmy ya kimataifa. Sasa tazama ni nani aliyekuwa akilipa. Juha Kalulu alilipiwa na mnunuzi wa gazeti aliyetaka habari za siasa na kandanda. Shujaaz lililipiwa na wafadhili na kampuni zilizotaka kuwafikia vijana na ujumbe wa kilimo, afya au uchaguzi. Pichadithi zikiwekwa kando, msomaji Mkenya hajazoezwa kutoa noti yake kwa sababu ya katuni yenyewe.

Yuri haiwezi kuishi hivyo. Hakuna wizara wala benki itakayoweka nembo yake kwenye hadithi ya wasichana wawili wanaopendana. Hata wafadhili wa nje, ambao mara nyingi ndio hubeba sanaa ya namna hii, hubeba kazi moja moja na kuondoka. Aina hii ya hadithi iliota Japani kwa sababu moja tu: wasomaji wake, hata walipokuwa wachache na wenye haya, walilipa kutoka mifukoni mwao.

Ushahidi kwamba Mkenya naye hulipa akipewa nafasi upo. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi "Jambula Tree", inayohusu wasichana wawili wa mtaa mmoja. Wanuri Kahiu akaigeuza kuwa filamu ya Rafiki, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa kampuni za nchi kadhaa, na mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kwa tamasha la Cannes. Bodi ya Filamu, KFCB, ikaipiga marufuku. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba ili filamu ipate sifa ya kuwania Oscar. Kwa siku hizo saba kumbi za Nairobi zilijaa. Baada ya hapo pazia likashuka. Sijui biashara nyingine nchini iliyopewa wiki moja ya kuthibitisha kwamba ina wateja, ikathibitisha, kisha ikafungwa.

Lakini filamu si kitabu, na mfanyabiashara anayetaka kuagiza manga hizi anapaswa kuzitenganisha sheria za filamu na za vitabu. KFCB ina mamlaka juu ya kinachoonyeshwa kwenye skrini. Mwaka 2017 ilizuia vipindi sita vya katuni za watoto, The Legend of Korra na Steven Universe vikiwemo, na vyote ni vya Kimarekani. Kitabu kinaangukia kwingine: kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza biashara ya machapisho machafu. Vifungu vya 162 na 165, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 24, 2019, vinahusu vitendo na havigusi usomaji. Tena cha 165 kinawataja wanaume. Kwenye karatasi, basi, hadithi ya barua na maua kama zile za Yoshiya haina kosa lolote. Vitabu vyenye picha za faragha ni kesi nyingine, navyo katika yuri vipo, tena vingi. Muuzaji makini huvitenga kwa umri wa msomaji hata huko Japani.

Hofu ya muuzaji, hata hivyo, haitoki kwenye vifungu. Mwenye duka Njoro anafahamiana na mchungaji, na mwalimu mkuu anayemletea oda ya Januari, na mzazi anayeingia kununua atlasi. Oda ya shule moja inashinda faida ya manga za mwaka mzima. Tangu Mahakama ya Juu iamue Februari 2023 kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji lina haki ya kusajiliwa, na mbunge Peter Kaluma ajibu kwa mswada wake wa kulinda familia, mazungumzo haya yamekuwa makali. Mwenye duka mwenye akili anakaa mbali, na kibiashara simlaumu.

Ajabu ni kwamba Njoro imekuwa ikiuza hadithi ya mapenzi yasiyo ya kawaida kwa muda mrefu. Kasri la Bwana Maurice Egerton, pale Ngata kwenye barabara ya kutoka Nakuru, lilianza kujengwa mwaka 1938. Masimulizi ya wenyeji yanasema alimjengea mwanamke aliyemkataa kwa kudharau nyumba yake ya awali, na kwamba baada ya hapo hakutaka kuona mwanamke kwenye shamba lake. Leo watalii hulipa kiingilio na maharusi hukodi uwanja wapigwe picha mbele ya nyumba ya mtu aliyekataliwa. Chuo Kikuu cha Egerton, kinachomiliki kasri hilo, kinaingiza mapato. Hadithi huuzika.

Njia ya kulipa nayo imefunguka kimya kimya. Tangu Safaricom na Visa walete M-Pesa GlobalPay mwaka 2022, mwanafunzi asiye na akaunti ya benki anaweza kutoa kadi ya mtandaoni kwenye simu yake na kununua kitabu cha kidijitali kwenye BookWalker ya Kadokawa au Kindle, mara nyingi kwa chini ya dola 10. Bado ni ghali, lakini nauli ya mzigo imekufa, na hakuna jirani anayetazama unachobeba. Upande wa pili, mlango wa bure unaanza kubanwa: Mei 2025 MangaDex, mtandao mkubwa wa tafsiri za mashabiki, uliondoa zaidi ya hadithi 700 kwa siku chache baada ya wachapishaji kulalamika. Wasomaji wengi wa Njoro waliamka na kukuta hadithi waliyoiacha katikati haipo.

Kwa mchoraji wa hapa, somo liko kwenye hesabu ya Inori, mwandishi wa I'm in Love with the Villainess. Alianza mwaka 2018 kwa kuiweka riwaya yake bure kwenye mtandao wa Kijapani ambapo yeyote huweka kazi yake. Wasomaji walipomzoea akatoa kitabu cha kidijitali, Seven Seas ikanunua haki ya Kiingereza, Comic Yuri Hime ikaichora kama manga, na 2023 ikawa anime, yaani katuni ya runinga. Nagata Kabi, mchoraji wa manga, naye alianza kwa kurasa za bure za maisha yake mwenyewe. Tafsiri ya Kiingereza ya hadithi hiyo ikashinda Tuzo ya Harvey ya manga bora mwaka 2018. Hakuna aliyeanza na mtaji wa uchapishaji. Mitandao kama Webtoon iko wazi kwa kijana wa Njokerio mwenye kalamu ya kidijitali, na haimuulizi mchungaji wake anasemaje.

Hazina ya Taifa iondoe VAT kwenye vitabu. Hilo litamsaidia muuzaji wa fasihi ya shule kabla ya kumsaidia yeyote mwingine. Wachapishaji wa Nairobi waanze kuuza katuni kwa sura, Sh20 au Sh30 kwa M-Pesa, ya mapenzi, ya vita au ya mpira, mradi msomaji azoee kulipa. Na wewe unayesoma sura ya wiki hii kwa siri na kwa bure: mwandishi wako ana kodi ya nyumba kama wewe. Nunua juzuu moja mwaka huu.