Keiko Fukuda na Judo ya Upole

Keiko Fukuda, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1913, aliingia katika judo kwa mlango wa ukoo, kwa kuwa babu yake, Fukuda Hachinosuke, alikuwa bingwa wa jujitsu, yaani sanaa ya kale ya Wajapani ya kupambana bila silaha, na ndiye aliyemfundisha Jigoro Kano kabla Kano hajaasisi judo na chuo chake cha Kodokan mwaka 1882. Kano hakuisahau fadhila hiyo; alimwalika mjukuu wa mwalimu wake, naye mwaka 1935 akaanza mazoezi katika kitengo cha wanawake, ingawa kimo chake hakikufika mita moja na nusu.

Wanawake wa Kodokan hawakuruhusiwa kushindana, hivyo Fukuda alizama katika kata, ambayo ni mfuatano wa miondoko iliyopangwa, inayofanywa na watu wawili, mmoja akishambulia na mwenzake akijihami. Aliyoimudu kuliko zote ni ju-no-kata, kata ya upole yenye miondoko 15, ambayo hufanywa polepole na haimbwagi mtu chini. Katika mwondoko wa kwanza mshambuliaji huelekeza vidole usoni mwa mwenzake, naye badala ya kuuzuia mkono huo hugeuka kando, huushika na kuuvuta kuelekea kule kule unakokwenda, mpaka mshambuliaji anapoyumba kwa nguvu zake mwenyewe. Wapo wanaoidharau kata kwa kuidhani maonyesho matupu, lakini mtu asiyejua mwenzake anayumba wakati gani atategemea misuli tu, na hapo judo inakuwa imegeuka mieleka.

Fukuda hakuolewa, kwani ndoa ingemlazimu kuiacha judo. Mwaka 1966, akitimiza wosia wa Kano kwamba wanafunzi wake waieneze judo duniani, alihamia Marekani, akafundisha katika chuo cha Mills mjini Oakland na kisha katika klabu ya wanawake aliyoianzisha San Francisco, ambako aliendelea kufundisha hata alipopita umri wa miaka 90. Aliwahimiza wanafunzi wawe na nguvu, upole na uzuri kwa pamoja, na kwake uzuri huo ulikuwa wa tabia kabla ya kuwa wa umbo.

Kuhusu madaraja ya mkanda mweusi, ambayo huitwa dani, hakutendewa haki. Alipata dani ya tano mwaka 1953, akakwama hapo karibu miaka 20 kwa sababu tu kanuni haikumruhusu mwanamke kuivuka, mpaka kampeni ya barua ilipoifanya Kodokan ilegeze msimamo. Dani ya tisa aliipokea kutoka Kodokan mwaka 2006. Ya kumi, iliyo ya juu kabisa, alitunukiwa mwaka 2011 na chama cha judo cha Marekani, chini ya miaka miwili kabla ya kufariki akiwa na umri wa miaka 99. Kodokan yenyewe haikumpa.