Matembezi ya Visiwani kwa Anayeanza (Sehemu ya Pili): Wasini, Jiwe na Maji

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia vilima vilivyo karibu na Nairobi. Leo tunashuka pwani, kwenye visiwa, na naanza na swali ambalo wazazi wa huku Kware hawakosi kuuliza: watoto wataweza?

Wataweza. Mtoto anayekaa ghorofa ya sita kule Pipeline, kwenye jumba lisilo na lifti, akawa ndiye wa kutumwa dukani asubuhi na jioni, miguu anayo. Baba yake huenda anayo zaidi. Kabla ya saa moja asubuhi, njia za kutoka huku kupitia Mukuru hadi viwandani hujaa watu wanaokwenda kazini kwa miguu, na hakuna hata mmoja anayesema ametoka kufanya mazoezi. Wapo Wanairobi waliojiaminisha kwamba matembezi ni ya wenye viatu vya bei ya kodi ya nyumba na fimbo mbili za alumini. Mimi sikubaliani nao. Ukipima kwa kilomita tu, matembezi ya visiwani kwetu si marefu kuliko hiyo njia ya viwandani. Anachoshindwa nacho mgeni ni jiwe asilolijua na bahari isiyomngoja mtu.

Kisiwa cha kujifunzia ni Wasini, kusini mwa Kaunti ya Kwale, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ni kidogo: urefu wake kama kilomita 5, upana kama 1. Hakina barabara ya magari, kwa hiyo mtoto anaweza kutangulia bila mtu kumpigia kelele. Kilima cha kutisha hakuna. Kijiji cha Wasini kiko upande wa magharibi, Mkwiro upande wa mashariki, na kijia kinachoviunganisha ndicho matembezi yenyewe.

Kuhusu safari ya kufika huko, watu wa Kware tuna bahati moja: kituo cha SGR cha Syokimau kiko karibu nasi kuliko kilivyo karibu na mtu wa Westlands. Treni ya Madaraka, inayobeba abiria tangu 2017, huchukua saa tano hadi sita kufika Miritini. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na kwa mwenye familia kubwa ongezeko hilo linauma. Ukishuka Miritini, huna lazima ya kuingia mjini na kupanga foleni ya feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu hukutoa moja kwa moja hadi upande wa kusini, ukipata gari linaloifuata. Kisha ni Ukunda, Msambweni, na mbele kidogo unaiacha barabara kuu ya Lunga Lunga, unakata kushoto hadi mwisho wa lami: Shimoni. Lala hapo. Anayetaka kushuka kwenye treni na kupanda mashua siku hiyo hiyo, na watoto watatu mkononi, atafika kisiwani jioni amechoka, na hasira zake zitawafikia wote.

Shimoni kuna mapango, na kwa mtembeaji hayo ndiyo somo la kwanza. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja kusafirishwa, na kwamba kabla ya hapo na baada yake pango lilikuwa mahali pa matambiko. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, mimi ningeanza na jiwe, hayo mengine nikamweleza kwa kadiri ya umri wake.

Habari ya jiwe ni hii. Jiwe la Kware, lile la kijivu lililochongwa machimboni likajenga nyumba nyingi za Eastlands, ni majivu ya volkano yaliyoshindiliwa kwa muda mrefu yakawa magumu. Jiwe la Wasini lilikuwa na uhai. Ni matumbawe, yaani makazi ya chokaa yaliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini, na miamba mingi ya pwani yetu ni ya miaka kama 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Bahari iliposhuka, matumbawe yakaachwa juani, yakafa. Tangu hapo adui yake ni mvua. Maji ya mvua hubeba asidi kidogo kutoka hewani na nyingine kutoka kwenye udongo wenye majani yaliyooza, na asidi hiyo huilamba chokaa polepole. Juu huacha ncha na makali. Chini hutoboa vishimo, vishimo vikakutana, pango likazaliwa. Kwa hiyo pango la Shimoni, jiwe la Wasini linalokata soli, na kisiwa kizima kukosa mto, chanzo chao ni kimoja. Mvua ikinyesha haikai juu; inazama. Ndiyo maana watu wa Wasini wamekuwa wakikinga maji ya mvua kwenye mabirika tangu enzi za mababu, na ndiyo maana mgeni hapaswi kufika huko na chupa ya nusu lita akitarajia kujaza njiani. Beba lita mbili kwa kila mtu mzima na kama lita moja kwa mtoto, na ubebe kutoka Shimoni.

Viatu navyo vitokane na jiwe hilo. Malapa yaache nyumbani. Ncha ya tumbawe huingia kwenye soli ya sponji bila taabu. Raba kuukuu za mitumba kutoka Gikomba zinatosha, mradi soli iwe nene na kidole kisionekane. Ukiniuliza zaidi nitakwambia akala. Kipande cha tairi la lori hakitobolewi na tumbawe, kikilowa hakiharibiki, na bei yake unaijua. Akala ziwe na mkanda wa nyuma, maana isiyo na mkanda huteleza kwenye jiwe lenye unyevu.

Sasa bahari. Mtu wa bara hudhani maji yanayojaa na kupwa ni mandhari tu. Pwani ni ratiba. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika kama hamsini, kwa hiyo kila siku saa husogea mbele kwa dakika hizo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti ya juu na chini pwani ya Mombasa inaweza kukaribia mita 4. Hiyo ni zaidi ya kimo cha chumba unacholala. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo miwili hupingana, na tunapata maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo.

Kuna jambo ambalo wavuvi wa Kenya wanalijua bila karatasi na mgeni anaweza kulikariri: siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni. Wiki ya maji mafu hesabu hugeuka, yakawa yamejaa asubuhi na kupwa alasiri. Ukitaka dakika kamili, Halmashauri ya Bandari hutoa majedwali ya maji kwa Kilindini, na nahodha yeyote wa Shimoni atakusomea. Ukikosa jedwali, tazama mwezi usiku wa kuamkia safari.

Kwa familia inayoanza, mimi ningepanga siku ya bamvua hivi. Mashua iondoke Shimoni mapema, mara baada ya chai. Mlango wa bahari hapo umekingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo hata mwezi wa Agosti, kusi inapovuma na bahari ya nje kuchafuka, maji ya kuvukia huwa na adabu kiasi. Mwambie nahodha awashushe Mkwiro, kijiji cha mashariki, halafu mtembee kuelekea magharibi. Wageni wengi hufanya kinyume, na kosa lao hulihisi usoni: asubuhi jua liko mashariki, na kutembea likiwa mbele, huku mtoto akikunja macho kutazama jiwe asilikanyage vibaya, ni adhabu. Ukitoka Mkwiro, jua linakuwa mgongoni.

Njia yenyewe ni kijia cha udongo na mawe kinachopita vichakani, na mibuyu hapa na pale. Kwa mtu mzima ni mwendo wa kama saa moja na zaidi kidogo. Kwa watoto hesabu saa mbili, kwa sababu watasimama. Waache wasimame. Watakuta kaa wa nchi kavu akijificha chini ya jiwe, watakuta gamba la kombe lililogandamana ndani ya mwamba mbali na ufuko, na hapo ile habari ya bahari kuwa juu zamani haitahitaji maelezo mengine. Onyo langu ni moja: wasikimbie. Kilomita nne za tumbawe si kilomita nne za lami ya Outering. Anayejikwaa hapo hachubuki, anakatwa. Beba spiriti, pamba na bandeji, na kidonda cha tumbawe kisafishwe mara moja hata kikiwa kidogo, kwani huvimba upesi.

Mtaingia kijiji cha Wasini maji yakiwa yamekupwa, na hiyo ndiyo saa ya bustani ya matumbawe. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa mawe ya kale yaliyosimama, mengine marefu kuliko mtu, yaliyoliwa chini yakabaki na viuno vyembamba. Kati yake imeota mikoko na nyasi za chumvi, na juu limepita daraja la mbao linalosimamiwa na kikundi cha akina mama wa kijiji. Ada yao lipeni bila kubishana. Fedha hizo hurudi kijijini. Kutembea darajani hakuchoshi hata mtoto wa miaka minne, na kwa bibi asiyeweza kijia cha Mkwiro, hapa pekee panatosha: aje moja kwa moja Wasini kwa mashua, awasubiri wengine. Hapo hapo mtaonyeshwa mboga ya pwani, jani nene la chumvi linaloota ufukoni na kuliwa. Ifikapo alasiri ya bamvua, bahari hurudi na kupenya hadi ndani ya bustani, na mahali ulipopiga picha asubuhi panakuwa maji.

Kijiji ni cha Waislamu, wenyewe ni Wavumba, na adabu zao si ngumu. Vaa nguo inayofika chini ya magoti, mama awe na leso ya ziada, picha ya mtu iombwe. Watoto wetu wa Kware wenye "niaje" midomoni wafundishwe shikamoo kabla ya kupanda treni. Kule mzee akipitwa bila salamu, hukumu ya ulezi humwangukia mzazi.

Neno juu ya joto, kwa sababu wengi hulichukulia kirahisi. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jirani yetu, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Jasho la huku hukauka haraka, na linapokauka ndipo mwili unapopoa. Pwani hewa tayari imejaa mvuke. Jasho hutiririka tu bila kukauka, na mwili hubaki na joto lake. Mtoto huanza kwa kununa, kisha anakataa chakula, kisha kichwa kinamuuma. Akinuna, usimkaripie, mpe kivuli na maji yenye chumvi kidogo na sukari, au dafu likipatikana. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita wima juu ya Wasini, na kivuli cha mtu huishia miguuni pake. Kati ya saa tano na saa tisa msitembee. Katika likizo za shule, mimi hupendelea Agosti. Desemba kaskazi huleta bahari tulivu lakini joto lake ni la kuchemsha, na Aprili ni masika. Usiku chandarua ni lazima, maana malaria ya pwani humkuta mtu wa Nairobi hana kinga.

Kwa asiyetaka kwenda mbali hivyo, kisiwa cha Mombasa chenyewe kinatosha kupima miguu. Anzeni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, mpite vichochoro vya Mji wa Kale, kisha mfuate upande wa bahari hadi mibuyu ya Mama Ngina. Ni tambarare, kuna vivuli, na mahali pa kununua mihogo ya kukaanga hapakosekani. Lamu nako, kutoka mjini hadi Shela kwa njia ya ufukoni, ni dakika kama arobaini na tano, ingawa basi la kufika huko ndilo mtihani. Shela inafaa kutajwa kwa sababu ni kinyume cha Wasini: vile vilima vyake vya mchanga huchuja na kuhifadhi maji ya mvua chini yake, na ndiyo yaliyounywesha mji wa Lamu. Mchanga hushika kile ambacho tumbawe huachia.

Mwisho ni habari ya mashua. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, lipa nusu, nusu nyingine ilipwe mkirudi Shimoni. Hesabu majaketi ya kuokolea wewe mwenyewe, na uhakikishe yapo ya kimo cha mtoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Saa ya kurudi isemwe kwa maji, si kwa saa ya mkononi pekee: mwulize nahodha bahari itakuwa wapi wakati huo, kwa kuwa maji yakiwa yamekupwa huenda mkalazimika kuvuka kwa miguu hadi magotini juu ya miamba yenye viumbe wa miiba mirefu myeusi. Na msikanyage matumbawe yaliyo hai. Hatua moja huvunja kilichoota kwa miaka.

Sehemu ya tatu itahamia Ziwa Victoria, kwenye visiwa vya Ndere na Rusinga. Huko bamvua haipo, lakini kuna upepo wa alasiri, na kuna kiboko.